Namna ya Kuhakikisha Mtu Aliyekwama Hakwamuki

Kila ukoo una mtu mmoja anayependa kuombwa ushauri. Kama hujui ni nani katika ukoo wenu, basi ni wewe. Hongera. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako.

Tuelewane tangu mwanzo. Mtu akija kukuambia amekwama, anakuletea hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba anaweza kukwamuka. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, anaweza kukwamuka kwa akili yake mwenyewe, mbele ya macho yako, kisha akaaga na kuondoka bila kusema "Mjomba, bila wewe sijui ningekuwa wapi." Mshauri akitendwa hivyo mara mbili tatu, jina linashuka. Haitwi tena kwenye kikao cha mahari. Simu yake hailii usiku. Anabaki kutoa maoni juu ya Simba na Yanga kama raia wa kawaida.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Ni Jumapili alasiri, umekaa sebuleni, chai ipo mezani. Anaingia mpwa wako, binti wa miaka ishirini na kitu, mhasibu katika kampuni moja hapo Dar es Salaam.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Za kazini?"

"Kazi ipo, Mjomba, ila nimekwama. Najiona kama niko ndani ya daladala iliyojaa. Nataka kushuka, mlango nauona, lakini sifiki."

Usibabaike. Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Jibu kabla hajavuta pumzi

Kimya ni adui yako mkubwa. Mtu aliyekwama akiachwa anyamaze kwa muda hata wa kumeza mate, huanza kufikiri, na akianza kufikiri hujui atafika wapi. Kwa hiyo neno lake la mwisho liwe linakutana na neno lako la kwanza. Akisema "sifiki", wewe uwe tayari umesema "Sikiliza."

"Sikiliza" ni neno zuri sana kwa mshauri, maana linamwamuru aliyekuja kusikilizwa aanze yeye kusikiliza. Maneno mengine ya kufungulia ni "Tatizo lako wewe", "Nyie vijana wa siku hizi" na "Hilo mbona dogo." La mwisho linafaa zaidi. Ndani ya pumzi moja umelipima tatizo, umelipunguza, na umemwonyesha kwamba kama limemshinda, basi mwenye kasoro ni yeye.

Hatua ya 2: Mshushe kwenye daladala yake, mpandishe kwenye gari lako

Utaona mpwa wako ameingia na taswira. Hakusema "sina furaha kazini." Alisema daladala, akasema imejaa, akasema kuna mlango na anauona. Watu waliokwama wana tabia hiyo. Mmoja atakuambia maji yamemfika shingoni, mwingine yuko njia panda, mwingine ana jiwe kifuani. Ukiwaacha waendelee, watakuonyesha ndani ya picha hizo vitu ambavyo wao wenyewe hawajaviona bado.

Usiwaache. Taswira ya mtu ifutwe haraka na nafasi yake ichukuliwe na yako. Sema: "Mwanangu, maisha ni vita. Lazima upigane." Sasa binti ana kazi mbili. Bado amebanwa kwenye daladala, na juu ya hapo ameitwa jeshini. Atakaa anakutazama, akijaribu kutafuta adui yuko kituo gani.

Hatua hii haikutungwa hovyo. Mwaka 2011 watafiti Paul Thibodeau na Lera Boroditsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio yao kuhusu mji wa kubuni waliouita Addison. Baadhi ya washiriki walisoma kwamba uhalifu ni mnyama mkali anayeuvamia mji huo. Wengine wakasoma kwamba ni kirusi kinachouambukiza. Takwimu za uhalifu zilikuwa zilezile. Walioletewa mnyama walielekea zaidi kwenye askari na jela. Walioletewa kirusi walielekea zaidi kwenye kutafuta chanzo na kurekebisha jamii. Walipoulizwa nini kiliwaongoza, wengi walitaja takwimu. Lile neno moja lililowageuza hawakuliona.

Umeona nguvu uliyonayo? Ukimpa mtu picha yako, umempa na suluhisho lako, na yeye ataondoka akiamini amelitoa kichwani mwake. Mwambie maisha ni vita, atakwenda kugombana na bosi Jumatatu. Mwambie maisha ni kamari, atakopa. Na likiharibika, wewe hukumtuma.

Hatua ya 3: Uliza maswali yaliyokwisha kujibiwa

Usije ukadhani mwongozo huu unakataza kuuliza. Mshauri hodari anauliza sana, ila kila swali lake linakuja na jibu lake ndani, limefungwa tayari, kazi ya mwulizwaji ni kutia sahihi. "Bosi wako ndiye anayekusumbua, sivyo?" "Huoni kwamba ni bora uvumilie?" "Umeshafikiria kurudi kusoma?" Hilo la mwisho linavaa koti la swali, lakini ni amri. Na kama aliyekwama ni msichana, lipo swali la dharura ambalo halijawahi kumwangusha mjomba yeyote: "Ni mwanaume, eti?"

Maswali ya namna hii yanageuza hata kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Washington waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Wengine waliulizwa mwendo ulikuwaje magari "yalipopondana", wengine "yalipogusana", na vitenzi vingine katikati. Wa kupondana walikadiria kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa. Wa kugusana, maili 31.8. Katika jaribio la pili, wanafunzi wengine walirudi baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwamo kwenye filamu. Kati ya 50 waliosikia "yalipopondana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia "yalipogongana", ni 7 tu.

Kitenzi kimoja kilitosha kumwaga vioo barabarani. Hebu fikiria wewe, mwenye vitenzi vyote vya Kiswahili na alasiri nzima ya Jumapili, unaweza kumwaga nini ndani ya kichwa cha mpwa wako. Ukimuuliza mara tatu kama bosi anamwonea, mara ya nne atakumbuka siku bosi alipomwangalia vibaya.

Usisahau pia "kwa nini". Swali la "kwa nini uliikubali hiyo kazi?" lina faida ya kumpandisha mtu kizimbani. Akishapanda, ataacha kutafuta njia na kuanza kujitetea. Ukiwa mwepesi unaweza kumweka huko mpaka magharibi.

Hatua ya 4: Mrekebishie maneno yake

Mpwa amesema "sifiki." Wewe mrudishie hivi: "Yaani unaogopa." Hakusema anaogopa, lakini wewe umesoma. Akisema "imejaa", wewe sema "una msongo wa mawazo." Akisema "mlango", sema "fursa." Baada ya dakika tano atakuwa anaongea lugha yako, na kwa kuwa lugha hiyo unaijua wewe kuliko yeye, atakuhitaji uwe mkalimani katika mambo yake mwenyewe.

Ukifanya hivyo kwa sauti ya upole na kutikisa kichwa kidogo, watu watasema una kipaji cha kuelewa watu.

Hatua ya 5: Simulia habari zako

Wakati wowote mazungumzo yanapokaribia kumhusu yeye, yarudishe nyumbani. "Hata mimi, nilipoanza kazi Tanga, tulikuwa tunalala wanne chumba kimoja." Mpwa hakuja kuuliza juu ya Tanga. Ndiyo maana simulizi inafaa: hawezi kuikatiza bila kukosa adabu. Hakikisha ina misukosuko, ina bosi mkorofi, na mwisho wake ni wewe kufanikiwa kwa kufanya kitu ambacho yeye hawezi kukifanya, kama vile kuwa na miaka ishirini na mitano mwaka 1988.

Hatua ya 6: Funga kwa methali

Akikaribia kuaga, piga msumari wa mwisho. "Mvumilivu hula mbivu" inafaa kwa anayetaka kuondoka. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" inafaa kwa anayetaka kubaki. Zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo utamu wake ulipo, maana hakuna atakayekuja kukushtaki. Ipo moja tu ya kukwepa, inayosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiyo isitajwe mbele ya watu waliokwama. Inaharibu biashara.

Tahadhari: Mjue Shangazi

Ukizifuata hatua zote sita, mpwa wako ataondoka vilevile alivyokuja, ila amechoka zaidi. Hapo unaweza kupumzika, isipokuwa kwa jambo moja. Akitoka kwako anaweza kupitia kwa Shangazi yake.

Kila ukoo wenye mshauri kama wewe una pia mtu mmoja wa hatari kama huyu. Hana cheo, haongei kwenye vikao, na ukimuuliza amewahi kumshauri nani atakuambia hajawahi. Usidanganyike. Tazama mwenyewe anavyofanya kazi. Amekaa kwenye mkeka uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Binti amemweleza yaleyale aliyokueleza wewe.

"Uko ndani ya daladala iliyojaa," Shangazi anasema, macho kwenye ungo. "Mlango unauona, lakini hufiki. Na wewe uko wapi humo ndani?"

Mpwa anafikiri. Angalia hilo: anafikiri, na hakuna anayemzuia.

"Niko dirishani. Nimekaa."

"Umekaa dirishani. Ni kukaa kwa namna gani huko?"

"Kukaa vizuri tu, Shangazi. Kiti kizuri, upepo unapita. Waliosimama wananitazama kama nimebahatika."

"Kiti kizuri. Kuna kingine chochote kuhusu hicho kiti?"

Kimya. Shangazi anaokota kijiwe kwenye mchele, anakitupa uani. Anaokota kingine. Hasemi neno. Wewe hapo ungekuwa umeshafika Tanga.

"Sikukilipia mimi," binti anasema polepole. "Nauli alilipa baba. Nikisimama tu kitakaliwa, na baba ataona nauli yake imepotea bure."

Sasa, baba anayetajwa hapa ni kaka yake Shangazi. Kwa miaka zaidi ya hamsini Shangazi amekuwa akikusanya ushahidi dhidi ya kaka huyo, na anaweza kuutoa wote bila kutazama popote. Angeweza kusema "Kaka yangu namjua mimi." Anaupepeta mchele mara moja, kisha anauliza.

"Nauli alilipa baba. Ukisimama kitakaliwa. Na hapo, ungependa nini kitokee?"

"Nishuke. Lakini nishuke salama, siyo kwa kurukia dirishani."

"Ushuke salama. Ili ushuke salama, kuna jambo linalopaswa kutokea kwanza?"

"Konda ajue. Inabidi niseme 'shusha' kabla ya kituo." Anacheka. "Mimi nimekaa kimya muda wote huu, nikisubiri gari lisimame lenyewe."

"Useme 'shusha' kabla ya kituo. Na kituo kiko wapi?"

"Mwezi wa sita, Shangazi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Kabla ya hapo niende nikaongee na baba."

Shangazi anampa binti ungo, kisha yeye mwenyewe anakwenda kuwasha moto. Hajatoa ushauri hata mmoja. Hajui hata binti anataka kufanya kazi gani baada ya uhasibu. Hakuuliza, kama ambavyo wewe hukuuliza, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Uharibifu umetokea wapi

Tuchunguze ajali hii ili isijirudie. Wewe ulishughulika na mlango, kwa sababu mlango ndio uliotajwa. Kumbe kilichomshika ni kiti. Na kiti hicho hakikuwamo katika sentensi yoyote aliyoisema sebuleni kwako. Hakuna mjomba duniani ambaye angekikisia, hata mwenye shahada. Kilijitokeza kwa sababu mtu mmoja aliuliza "uko wapi humo ndani?" na kunyamaza.

Chunguza maswali ya Shangazi neno kwa neno. Daladala, mlango, dirisha, kiti, nauli, kituo: yote ni ya binti. Shangazi aliongeza maneno ya kuulizia tu, yasiyo na rangi wala harufu. Wapi? Namna gani? Kuna kingine? Ungependa nini kitokee? Kuna jambo linalopaswa kutokea kwanza? Kwa kipimo hicho, swali lisiloelemea upande ni lile ambalo ukilipekua hukuti kitu kipya ambacho mwulizaji amekiingiza kwa magendo.

Njia hii ina jina na ina mwenyewe. David Grove, mtaalamu wa tiba ya maongezi aliyezaliwa New Zealand mwaka 1950, aliijenga katika miaka ya 1980 akiwa anawahudumia watu waliobeba kumbukumbu mbaya. Aliona kwamba watu hao, wakiachwa waseme kwa maneno yao, huishia kwenye taswira, na kwamba mtaalamu akiyabadili maneno hayo, hata kwa nia njema, anaipotosha picha ya mwenyewe. Akajiwekea masharti: rudia maneno ya mtu kama alivyoyasema, anza swali kwa "na" ili liungane na mawazo yake, punguza mwendo wa sauti, uliza machache. Aliuita utaratibu huo kwa jina lenye maana ya lugha safi. Grove alifariki mwaka 2008. Kabla ya hapo Penny Tompkins na James Lawley wa Uingereza walikuwa wamekaa wakimtazama akifanya kazi, wakaupanga utaratibu wake katika kitabu Metaphors in Mind, kilichotoka mwaka 2000. Leo maswali ya Grove yanatumiwa pia na wakufunzi wa viongozi na watafiti wanaofanya mahojiano. Ya msingi ni kama dazeni moja tu, yote yanaingia kwenye karatasi ya kufungia karanga.

Usitegemee kwamba ugonjwa huu utabaki ng'ambo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Bibi hao walifunzwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu waliolemewa. Utaratibu wao si wa Grove, lakini wana kosa lilelile: mwenye tatizo ndiye anayelitaja, analichagua na kuchagua hatua ya kuchukua. Na tatizo lenyewe wanaliita kwa jina ambalo watu wa huko wanalitumia kwa Kishona, la kuwaza kupita kiasi, badala ya jina la hospitalini. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 katika zahanati za Harare. Baada ya miezi sita, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Bibi! Watu tuliowategemea kwa ushauri mkali kuliko wote!

Kinachoumiza zaidi ni habari ya mashine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyoweza kumwigiza mtaalamu wa tiba ya maongezi kwa kuchukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Haikuelewa chochote. Hata hivyo, Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuongea nayo alimwomba yeye atoke chumbani. Mashine isiyo na masikio ilipewa faragha ambayo wewe, mjomba wa damu, hujawahi kupewa.

Ila hapa pana faraja kidogo kwako. Weizenbaum mwenyewe alishtushwa na jambo hilo, akatumia miaka mingi kuonya watu wasidhani mashine hiyo inaelewa. Kurudia maneno ya mtu kunawezekana hata kwa kasuku. Shangazi alikuwa na maneno mengi mbele yake, upepo, dirisha, watu waliosimama, akachagua kuulizia kiti. Kuchagua huko kunatokana na kusikiliza, na kusikiliza hakujapata njia ya mkato. Kwa hiyo ukitaka kumhujumu Shangazi, mwige vibaya: rudia kila neno, uliza "na kuna kingine?" kila baada ya sekunde tatu, huku unachungulia simu. Mpwa atakimbia mwenyewe.

Maswali ya wasomaji

Je, hakuna swali safi kabisa?

Hakuna. Hata "kiko wapi?" linadhani kwamba kitu hicho kina mahali. Lakini kati ya kumuuliza mtu kitu kiko wapi na kumuuliza kama ni mwanaume, tofauti inaonekana bila miwani.

Je, kila anayeniuliza jambo nimrudishie swali?

Tunakuomba sana ufanye hivyo, maana ndiyo njia ya haraka ya kuiua taaluma ya Shangazi. Mtu akikuuliza gari la Mbagala linapita wapi, muulize ni gari la namna gani. Fundi umeme akiuliza swichi kubwa iko wapi, muulize angependa nini kitokee. Wenye akili wanajua kwamba aliyekosa habari apewe habari, na maswali haya yawekwe kwa yule ambaye habari anazo, ushauri amepewa na watu wanane, na bado amekaa.

Na kama mtu anasema amechoka kuishi, au anapigwa nyumbani?

Hapo kejeli inasimama. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali au kwa mtu anayeweza kumlinda leo hiihii. Mambo ya daladala na viti yatasubiri.

Nimesoma mpaka hapa na nimeanza kumwonea wivu Shangazi. Nifanyeje?

Dalili hiyo ni mbaya, lakini inajulikana. Huwaanza watu pale wanapogundua kwamba mpwa huja kwao kwa heshima na kwenda kwa Shangazi kwa haja. Unaweza kuipuuza na kurudi kwenye Hatua ya 1. Wengi wamefanya hivyo na wanaendelea vizuri. Wao, siyo wapwa zao.

Ukishindwa kuipuuza, basi jaribu hivi. Wiki hii mtu akikuambia amekwama, muulize kukwama huko kukoje. Akikupa picha, ishike kama alivyoisema, uliza swali moja ndani ya picha hiyo kwa maneno yake, kisha nyamaza mpaka aseme yeye. Ushauri wako hauozi. Akiuhitaji, atauomba.